Proxmox VE: Sheli na Kiolesura Vinapogoma Baada ya Kuvipanga Upendavyo

Mtu akimaliza kusakinisha Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine), ni nadra aiache seva kama ilivyo. Huongeza rangi kwenye alama ya kusubiri amri, huandika salamu ya kumkaribisha anayeingia, huweka mandhari meusi kwenye kiolesura cha kivinjari, na hubadilisha jina la seva liendane na utaratibu wa ofisi yake. Ana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa seva inayotazamwa kila siku inapaswa kusomeka vizuri kwa macho ya anayeitunza. Hata hivyo, matatizo mengi niliyoitwa kuyatatua kwenye seva hizi hayakutokana na diski wala kumbukumbu. Yalitokana na marekebisho madogo ya namna hii, yaliyofanywa wiki au miezi kadhaa kabla ya dalili kuonekana, na mwenye seva alikuwa ameshayasahau.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kosa lenyewe, jiulize faili uliyoigusa ni ya nani. Proxmox VE imejengwa juu ya Debian (toleo la 8, lililotoka 2023, liko juu ya Debian 12, la 9, lililotoka 2025, liko juu ya Debian 13), na faili zake zina wenyewe tofauti. Zipo zilizoletwa na kifurushi cha programu, ambazo zitaandikwa upya siku kifurushi hicho kitakaposasishwa. Zipo zinazoandikwa na huduma fulani kila seva inapowaka. Zipo zilizo chini ya `/etc/pve`, ambazo ni mali ya klasta nzima, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja. Zinazobaki, kama `/root/.bashrc`, inayopanga sheli (programu inayopokea amri) ya root, mtumiaji mkuu, ni zako, lakini hata hizo hazisomwi kwa ajili yako peke yako, kama tutakavyoona. Amri mbili hujibu sehemu kubwa ya swali hili:

```
dpkg -S /usr/share/javascript/proxmox-widget-toolkit/proxmoxlib.js
dpkg --verify pve-manager proxmox-widget-toolkit
```

Ya kwanza hutaja kifurushi kinachomiliki faili hiyo. Ya pili hukaa kimya iwapo kila kitu kiko kama kilivyoletwa. Ikitoa mstari wenye tarakimu 5 katikati ya alama za kuuliza, faili iliyotajwa mwishoni mwa mstari huo imebadilishwa na mkono wa mtu.

Mashine pepe haihami, na faili hazinakiliki

Nianze na dalili inayopoteza muda kuliko zote, kwa sababu haifanani hata kidogo na chanzo chake.

Jioni moja nilikuwa na nodi mbili, yaani seva mbili za klasta moja, na tulikuwa tumepewa taarifa kwamba umeme ungekatwa saa 1 usiku upande wa jengo ilikokuwa nodi ya kwanza. Nilitaka kuihamisha mashine pepe ya hesabu kwenda nodi ya pili ikiwa bado inafanya kazi. Kazi ya kuhamisha ilianza, ikafa baada ya sekunde chache, na maandishi ya kazi hiyo (log) yakasema kwamba imepata jibu geni kutoka upande wa pili. Mtandao ulikuwa mzima, nodi zote mbili zilionekana kwa rangi ya kijani, na kuingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) kutoka moja hadi nyingine hakukuwa na shida yoyote. Nikajaribu kunakili faili moja kwa `scp`, na skrini ikatoa mstari huu:

```
Received message too long 1264677481
```

Tarakimu hizo zinaonekana kama za bahati nasibu, lakini zina maana. Ukiandika `printf '%x\n' 1264677481` utapata `4b617269`, na baiti hizo nne, 4b, 61, 72 na 69, ni herufi K, a, r, i. Programu ya kunakili ilitarajia namba inayoeleza urefu wa ujumbe, badala yake ikapokea mwanzo wa neno "Karibu". Mwenzangu alikuwa ameandika `echo "Karibu nodi ya pili"` kwenye `/root/.bashrc` ya nodi hiyo ili asichanganye madirisha yake. Nia yake ilikuwa njema kabisa.

Chanzo ni hiki. SSH inapotumwa kutekeleza amri moja, hata kama hakuna mtu mbele ya kibodi, bash ya Debian husoma `.bashrc` kwanza. Mtumiaji wa kawaida analindwa, kwa kuwa faili anayopewa kutoka `/etc/skel` ina mistari ya juu inayosimamisha usomaji iwapo sheli si ya mazungumzo. Faili ya root haina ulinzi huo. Katika Proxmox VE, kwa kawaida, kuhamisha mashine pepe kutoka nodi moja hadi nyingine hupita ndani ya SSH kwa jina la root, na programu za pande zote mbili husemezana kwa maneno mafupi yaliyopangwa. Salamu yoyote, nembo ya rangi inayoonyesha aina ya seva, au taarifa ya hali ya hewa itakayochapishwa katikati ya mazungumzo hayo huyavuruga.

Kipimo chake ni amri hii moja, ambayo haipaswi kuchapisha chochote, hata mstari mtupu:

```
ssh root@10.0.0.12 /bin/true
```

Ikiwa kuna neno lolote linalotokea baada yake, fungua `/root/.bashrc` ya nodi inayojibu na uweke mistari ifuatayo juu kabisa, kabla ya marekebisho yako mengine yote:

```
case $- in
  *i*) ;;
  *) return ;;
esac
```

Maana yake ni kwamba sheli isiyo ya mazungumzo itageuka na kurudi hapo hapo, bila kufika kwenye salamu wala rangi. Rudia kipimo kwa kila nodi, kwa sababu `/root` haishirikiwi na klasta. Kila nodi ina yake, na kurekebisha moja hakuziponyi nyingine. Ningeomba pia usiweke `exec zsh` au amri ya kuingia tmux moja kwa moja kwenye faili hii bila ulinzi huo, kwani hapo amri iliyotumwa kwa SSH haitekelezwi kabisa. Inamezwa na sheli mpya iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza. Usiku ule, baada ya mistari minne niliyoitaja, mashine ya hesabu ilihama kabla taa hazijazimika.

Lakabu na rangi zinaonekana pengine, na pengine hazionekani

Umeandika lakabu zako za amri (majina mafupi ya amri ndefu), zinafanya kazi ukiandika `bash`, lakini ukiingia upya kwa SSH, au ukifungua Shell ndani ya kivinjari, hazipo. Karibu kila mara nimekuta faili mpya iitwayo `.bash_profile`, ambayo imewekwa na mwongozo fulani au programu fulani. Bash inayoanzishwa kwa kuingia hutafuta `.bash_profile`, kisha `.bash_login`, kisha `.profile`, na husoma ya kwanza inayoipata kisha huacha zilizobaki. Faili ya `.profile` iliyokuja na Debian ndiyo inayoita `.bashrc`, ukiweka nyingine mbele yake, mnyororo huo unakatika. Ongeza ndani ya `.bash_profile` mstari wa `. ~/.profile`, au uifute faili hiyo na uhamishie yaliyomo kwenye `.bashrc`.

Ikiwa ni rangi za `ls` tu ambazo hazionekani kwa root, hakuna kilichoharibika. Mistari yake imo tayari ndani ya `/root/.bashrc`, lakini imewekewa alama ya # mwanzoni. Iondoe alama hiyo kwenye mstari wa `LS_OPTIONS`, wa `dircolors` na wa lakabu ya `ls`.

Wapo wanaobadilisha sheli yenyewe ya root kuwa zsh au fish. Siwashauri, na sababu yangu ni moja: siku kifurushi cha sheli hiyo kitakapoondolewa, SSH itakukataa kwa kuwa sheli iliyotajwa haipo, na huenda uko kilomita 300 kutoka kwenye chumba cha seva. Akiwepo mtu mbele ya seva, anaweza kuiwasha upya, akabonyeza e kwenye menyu ya GRUB inayotokea mwanzoni, akaongeza `init=/bin/bash` mwishoni mwa mstari unaoanza na neno linux, kisha akaandika `mount -o remount,rw /` na `usermod -s /bin/bash root`. Ni afadhali ujitengenezee mtumiaji wako mwenyewe, umpe sheli uipendayo, na root abaki na bash.

Ukimtengeneza mtumiaji huyo, tarajia mambo matatu ambayo hudhaniwa kuwa hitilafu. Amri ya `sudo` haimo katika usakinishaji wa Proxmox VE, kwa hiyo isakinishe kwanza. Amri ya `qm` itaonekana kana kwamba haipo, kwa sababu imewekwa `/usr/sbin`, saraka ambayo sheli ya mtumiaji wa kawaida haiipekui inapotafuta amri; hali hiyo hiyo humpata anayeandika `su` badala ya `su -`. La tatu ni kwamba mtumiaji aliyeongezwa ndani ya kivinjari chini ya Linux PAM hawezi kuingia mpaka awepo pia kwenye Linux yenyewe kwa `adduser`, ilhali yule aliyewekwa chini ya mfumo wa Proxmox VE huingia kwenye kivinjari tu, na SSH haimtambui.

Kila amri inatanguliwa na onyo la perl

Unaandika `qm list`, na kabla ya orodha kutokea yanakuja maonyo yanayoanza na `perl: warning: Setting locale failed`. Amri nyingi za Proxmox VE, zikiwemo qm, pct na pvesm, zimeandikwa kwa Perl, ndiyo maana onyo hili linaonekana zaidi hapa kuliko kwenye Debian ya kawaida.

Wasomaji wa Kiswahili tunakutana nalo kwa njia yetu. Kompyuta yako ya mkononi ikiwa imewekwa lugha ya Kiswahili, mipangilio yake huitwa `sw_KE` au `sw_TZ`, na SSH yako huibeba na kuiomba seva iitumie. Seva haijawahi kuitengeneza, hivyo inalalamika. Thibitisha kwa `locale`, kisha `locale -a`: ya kwanza inaonyesha kinachoombwa, ya pili inaonyesha kilichopo. Unaweza kuitengeneza kwa `dpkg-reconfigure locales`. Mimi hupendelea njia nyingine, ambayo ni kuweka # mbele ya mstari wa `AcceptEnv` ndani ya `/etc/ssh/sshd_config`, kisha `systemctl reload ssh`, ili seva ibaki na lugha yake iliyosakinishwa nayo. Naipenda lugha yangu, lakini hati za kujiendesha zinazosoma tarehe na majibu ya amri zinahitaji maandishi yasiyobadilika kulingana na kompyuta ya aliyeingia.

Saa za eneo ni jambo tofauti, na hizo ziweke sawa bila wasiwasi kwa `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi`. Ikiwa msimbo wa hatua ya pili kutoka kwenye simu unakataliwa, saa ya eneo haihusiki. Angalia kama saa yenyewe imekwenda mrama, kwa `chronyc tracking`.

Salamu ya skrini inarudi ilivyokuwa, au inataja anwani ya zamani

Uliandika upya `/etc/issue` ili skrini iliyounganishwa na seva ionyeshe jina la ofisi na namba ya kabati. Seva ilipowashwa upya, yakarudi yale maneno ya kawaida yenye anwani na mlango 8006. Huduma iitwayo pvebanner huiandika faili hii kila seva inapowaka, kwa hiyo hutashindana nayo. Maneno yako yaweke kwenye `/etc/motd`, ambayo husomwa mtu anapoingia na haiguswi na huduma hiyo.

Ikiwa anwani iliyotajwa ndiyo isiyo sahihi, furahi kwamba umeonywa mapema. Huduma hiyo hutafuta anwani kwa kulisoma jina la seva kwenye `/etc/hosts`. Maana yake ulibadilisha anwani ya mtandao ukaisahau faili hiyo. Irekebishe leo, kwa sababu si salamu tu inayoitegemea.

Kiolesura ni ukurasa mweupe

Unafungua mlango 8006, kivinjari kinapokea kitu, lakini hakuna kinachochorwa. Anza na jambo jepesi: fungua dirisha la faragha, au bonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja, kwa kuwa baada ya kusasisha, kivinjari huweza kuchanganya faili za zamani na mpya. Dirisha la faragha likionyesha kiolesura, tatizo lilikuwa kashe na kazi imekwisha.

Lisipoonyesha, kumbuka ile `dpkg --verify`. Mara nyingi itakutajia `proxmoxlib.js`, faili ambayo watu huihariri ili kuondoa taarifa inayotokea wanapoingia bila usajili wa kulipia, au `index.html.tpl` ndani ya `/usr/share/pve-manager`, inayohaririwa na mandhari meusi ya watu wa nje. Nukta mkato moja ikikosekana kwenye faili ya kwanza, kiolesura chote hakiwaki. Nafuu ni kuvirudisha vifurushi vilivyo na faili hizo:

```
apt install --reinstall proxmox-widget-toolkit pve-manager
systemctl restart pveproxy
```

Mashine pepe zinaendelea kufanya kazi wakati wote huu. Pveproxy ni mlango wa kuingilia tu. Kuhusu taarifa yenyewe ya usajili, ushauri wangu ni kuiacha. Programu ni huria chini ya AGPL toleo la 3, na hakuna uwezo wa programu unaofungwa kwa kukosa kulipa. Kubonyeza kitufe kimoja ni gharama ndogo kuliko kiraka kinachofutika kila sasisho. Kinachostahili kurekebishwa kweli ni hazina ya programu: seva isiyo na usajili huja ikielekezwa kwenye hazina ya wanaolipia, na `apt update` hurudisha 401. Nenda kwenye nodi, sehemu ya Updates, kisha Repositories, uizime hiyo na uongeze ile ya No-Subscription.

Mandhari meusi nayo hayahitaji tena kuhariri chochote, kwani yamo ndani tangu toleo la 7.4. Bonyeza jina lako juu kulia, uchague Color Theme. Ukilalamika kwamba kwenye kompyuta nyingine hayapo, si kosa: chaguo hilo, pamoja na lugha, huhifadhiwa kwenye vidakuzi vya kivinjari, na ukubwa wa herufi za terminali uliouweka chini ya My Settings hukaa kwenye kivinjari hicho hicho. Ukiwa umeweka nafasi ya mistari kiasi kwamba terminali haisomeki, rudi hapo hapo ubonyeze Reset.

Kiolesura kikifunguka vizuri lakini Shell na skrini za mashine pepe zikikataa kwa namba 1006, na umeweka nginx (programu inayopokea maombi ya kivinjari na kuyapitisha) mbele ya seva ili kupata anwani nzuri isiyo na 8006, basi nginx hiyo haipitishi maombi ya WebSocket, yaani mawasiliano yanayobaki wazi. Ongeza vichwa vya `Upgrade` na `Connection`, na `proxy_http_version 1.1`.

Mashine pepe zote zimetoweka baada ya kubadilisha jina la seva

Hili hutisha, na nimewahi kuona mtu akikaribia kusakinisha upya juu ya diski zilizokuwa na data zake zote. Tafadhali usiguse diski.

Jina la seva hutumika kama jina la saraka. Maelezo ya kila mashine pepe yamo ndani ya `/etc/pve/nodes/`, chini ya jina ambalo seva ilikuwa nalo siku mashine hiyo ilipoundwa. Ukibadilisha jina, seva hujitazama kwenye saraka mpya iliyo tupu. Diski za mashine hazijaenda popote. Kama seva iko peke yake, bila klasta, marekebisho ni ya dakika chache. Kama imo kwenye klasta, rudisha jina la zamani kwanza.

Angalia `hostname --ip-address`. Inapaswa kujibu anwani halisi ya seva, si 127.0.0.1 wala 127.0.1.1. Ikijibu hizo, huduma ya pve-cluster haitawaka, `/etc/pve` itakuwa tupu, pveproxy itakosa cheti chake, na kiolesura hakitafunguka kabisa. Sahihisha mstari wa `/etc/hosts`, kisha `systemctl restart pve-cluster`. Saraka ikishaonekana, ichukulie nakala nje ya hapo, halafu uhamishe maelezo:

```
cp -a /etc/pve /root/nakala-pve
mv /etc/pve/nodes/zamani/qemu-server/*.conf /etc/pve/nodes/mpya/qemu-server/
mv /etc/pve/nodes/zamani/lxc/*.conf /etc/pve/nodes/mpya/lxc/
```

Usishangae `chmod` ikikataliwa ndani ya `/etc/pve`. Saraka hiyo ni hifadhidata iliyovaa sura ya mfumo wa faili, na ruhusa zake hupangwa na yenyewe. Kwenye klasta iliyopoteza akidi (wingi wa nodi zinazowasiliana), hata kuandika hukataliwa, na hiyo ndiyo sababu rangi za lebo au maelezo ya Datacenter hayahifadhiki wakati nodi nyingine zimezimwa.

Andika `qm list` na `pct list`. Mashine zikirudi lakini moja ikagoma kuwaka kwa kukosa hifadhi yake, fungua `/etc/pve/storage.cfg` utafute mstari wa `nodes` wenye jina la zamani, uubadilishe, kisha ufanye hivyo hivyo kwa kazi za nakala rudufu zilizofungwa kwenye nodi hiyo. Washa mashine moja, ingia ndani yake, hakiki data, ndipo uwashe ya pili. Jina la zamani litaendelea kuonekana kwenye orodha likiwa na alama ya kuuliza hadi uifute saraka yake, na usiifute kabla hujafungua `qemu-server` na `lxc` zake ukaona kwa macho kwamba hazina kitu.